Gumegume

Gumegume ni bunduki ya kushindilia inayowashwa kwa cheche za jiwe. Mwindaji humimina baruti mdomoni mwa mtutu, akaishindilia pamoja na risasi kwa mdeki, kisha akatia baruti laini kidogo katika kisahani cha ubavuni. Akifyatua, jiwe huchapa chuma, cheche zikaangukia kisahani, na moto ukapenya tundu dogo hadi ndani. Kati ya kufyatua na mlio hupita kitambo kifupi, na hapo ndipo mlengaji hodari hujulikana, kwa kuwa mkono hautakiwi kutikisika.

Mtambo huu ulikamilika Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17. Majeshi ya Ulaya yaliuacha kufikia miaka ya 1840 yalipopata fataki, yaani kikofia chenye kilipuzi kinachowaka kikigongwa. Afrika Mashariki ulidumu zaidi, na sheria ilichangia: Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha bora kuingizwa katika sehemu kubwa ya bara, ila ukaacha mlango wazi kwa gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara. Ilikuwa dhuluma iliyoandikwa waziwazi, Mwafrika kuachiwa silaha ambayo mwenye kutunga sheria alikwisha kuitupa. Hata hivyo wawindaji walikuwa na sababu zao za kuithamini, kwani haikuwafunga kwa risasi za dukani. Nchini Tanzania ndugu yake, gobore la fataki, bado linatumika vijijini, kwa kibali na bila kibali.

Ng'ambo mvuto wake ni wa michezo. Jimbo la Pennsylvania, Marekani, limekuwa na msimu wa kuwinda kulungu kwa gumegume tangu 1974. Mwindaji ana risasi moja tu, basi hulazimika kumnyemelea mnyama hadi karibu. Heshima hiyo kwa windo ndiyo sifa kuu ya silaha hii.

Mkazi wa Kaloleni, Bahati au Shauri Moyo, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hana pa kuonja mchezo huo, maana Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kumbukumbu ya bunduki katika mitaa hiyo ni ya namna nyingine. Tarehe 24 Aprili 1954 Operesheni Anvil ya serikali ya kikoloni ilizoa maelfu ya watu Nairobi, wakati wapiganaji wa Mau Mau, waliopinga utawala huo, wakitumia bunduki za kujiundia kwa mabomba ya maji na komeo za milango. Hizo zilipiga risasi za kisasa, lakini nazo zilitoa mlio mmoja tu kabla ya kujazwa tena.