Kwa Nini Kuku wa Bibi Alichemka Asubuhi Nzima

Mara ya kwanza kupika kuku mzima nikiwa naishi peke yangu, nilifuata utaratibu wa bibi: funika sufuria, moto wa wastani, nenda kafanye kazi nyingine. Baada ya saa mbili nikafunua, nikakuta mifupa inaelea na nyama imekuwa nyuzinyuzi. Huenda na wewe yamekukuta. Bibi hakukosea. Tulipika ndege wawili tofauti kabisa.

Kuku wa bibi alikuwa wa kienyeji, mara nyingi mtetea aliyeacha kutaga. Nyama yake imeshikwa na protini iitwayo kolajeni. Kadiri kuku anavyozeeka, nyuzi za kolajeni hufungana zaidi, na ni moto mdogo wa muda mrefu unaozigeuza kuwa jelatini, ile inayofanya supu igande ikipoa. Broila anachinjwa akiwa na wiki tano au sita hivi. Yaani ni kifaranga mwenye mwili mkubwa.

Kifaranga huyu katoka wapi? Turudi Marekani, mwaka 1923. Huko Delaware, mama mmoja aitwaye Celia Steele aliagiza vifaranga 50 wa kutaga mayai, akaletewa 500. Wakati huo nyama ya kuku ilikuwa mabaki tu ya biashara ya mayai. Yeye akawabakiza, akawalea wiki 18, akawauza kwa ajili ya nyama, na faida ikamshangaza. Mwaka 1926 alikuwa na banda la kuku 10,000.

Ila kuku wa Steele bado alikuwa mwembamba. Kilichobadilisha mwili wenyewe ni mashindano ya "Kuku wa Kesho", yaliyodhaminiwa na maduka ya A&P kwa kushirikiana na wizara ya kilimo ya Marekani. Wafugaji walileta mayai, yakaanguliwa na kulelewa pamoja, kisha kuku wakapimwa. Fainali ya 1948 alishinda Charles Vantress wa California, aliyechanganya damu ya Cornish, wenye kidari kipana, na New Hampshire.

Tangu hapo uchaguzi wa mbegu haujasimama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walilea pamoja kuku wa mbegu ya 1957 na wa mbegu ya 2005, chakula kilekile. Siku ya 56, wa 1957 alikuwa na wastani wa gramu 905. Wa 2005 alikuwa na gramu 4,202! Si homoni, kama wengi mtaani wanavyodai. Ni kizazi baada ya kizazi cha kuchagua wazazi.

Na hao wazazi ndio wanaolipa. Kuku wanaozalisha vifaranga vya broila hupimiwa chakula, kwa sababu wakila wanavyotaka hunenepa mpaka utagaji unaharibika na vifo vinaongezeka. Kwa hiyo wanaishi na njaa ambayo miili yao imeumbwa kuisikia kila saa. Mimi hili linanisumbua kuliko suala la ladha, japo broila bado nakula.

Basi ukinunua kuku mzima, uliza kwanza umri. Broila wa kilo moja na nusu anaiva ndani ya saa moja hivi: choma paja kwa kisu penye unene, maji yatoke meupe, au kipimajoto kisome nyuzi 74. Wa kienyeji aliyekomaa, mpe muda wa bibi.