Hoteli ya Relwe bila reli

Nimepotea kidogo, mitihani ilitubana. Leo nawaletea kitu kuhusu Mbeya Hotel, ile ya mtaa wa Kaunda, jirani na uwanja wa Sokoine. Wengi tunapita pale tukienda mpirani na hatuiulizi chochote.

Wazee wanaiita Railway. Mimi nilikuwa nacheka, manake stesheni ya treni iko Iyunga huko, nje ya mji, na TAZARA yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1970, ikafika mwisho 1975. Sasa hoteli ya relwe ilitoka wapi kabla ya hapo?

Kumbe iko hivi. Mwaka 1948 Waingereza waliunganisha reli za Kenya, Uganda na Tanganyika, likawa shirika moja, East African Railways and Harbours. Lile shirika halikuwa la treni tu. Lilikuwa na meli kwenye maziwa, lilikuwa na mabasi na malori, na hoteli pia. Reli ya Kati haikugusa huku kwetu, kwa hiyo abiria wa Mbeya alishuka treni Dodoma akapanda basi la relwe kupitia Iringa, au alishuka Itigi akaja kwa njia ya Chunya. Tiketi ya relwe, basi la relwe, na mwisho wa safari kitanda cha relwe. Treni tu ndiyo hakuna!

Na wageni walikuwepo. Miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa ilijaza watu Chunya, na kuanzia 1932 ndege za Imperial Airways za kwenda Cape Town zilikuwa zinatua hapa Mbeya. Wageni nikisema namaanisha wazungu, tuelewane. Enzi hizo Mwafrika kwenye hoteli za namna hiyo alikuwa jikoni, au anabeba mizigo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, shirika nalo likagawanywa, upande wetu likazaliwa TRC. TAZARA ni mamlaka nyingine kabisa, ya Tanzania na Zambia. Yaani treni ilikuja kufika Mbeya, lakini siyo ya wenye hoteli.

Sasa kwa nini nahangaika na haya. Babu yangu mzaa mama alikuwa anasema amefanya kazi Relwe ujana wake wote, hapa hapa Mbeya. Alistaafu kabla treni haijafika. Basi pale nyumbani ikawa utani: "Babu, treni yako ilipita wapi, angani?" Wajomba walicheka, na sisi wajukuu tukajifunza kucheka. Mwishoni alikuwa anaanza hadithi ya basi la Itigi, matope ya masika, abiria wanasukuma, halafu anatuangalia, ananyamaza. Amefariki 1998. Hakuna aliyewahi kumuuliza alikuwa dereva, kondakta au utingo.

Juzi nimempigia mama nikamweleza haya yote. Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, "Kumbe." Nikamuuliza lile koti la kaki la babu, lenye vifungo vya shaba, liko wapi. Bibi alishampa mchunga ng'ombe, zamani sana.