Siku fupi kuliko zote: Jinsi ya kumweleza mtoto mdogo mabadiliko ya majira

KILA ifikapo mwezi Desemba, vitabu vya hadithi vya watoto vinavyotoka Ulaya na Marekani huonyesha theluji, miti isiyo na majani na taa zilizowashwa saa kumi jioni. Mtoto wa chekechea wa Dar es Salaam huvitazama huku jasho likimtoka, na kwake yeye tarehe 21 ya mwezi huo ndiyo yenye mchana mrefu kuliko siku zote za mwaka, au hukaribia kuwa hivyo. Akiuliza sababu, wazazi wengi humjibu kwamba "huko Ulaya kuna baridi". Jibu hilo halielezi chochote, kwani ndicho kitu chenyewe alichokiuliza.

Chanzo cha yote ni mwinamo. Dunia hulizunguka jua kwa muda wa siku 365 na robo, na mhimili wake umeinama kwa nyuzi 23.4. Mwinamo huo huelekea upande uleule wa anga mwaka mzima, hivyo mwezi Juni nusu ya kaskazini ya dunia huwa imelielekea jua, na mwezi Desemba huwa zamu ya nusu ya kusini. Jua hufika kikomo chake cha kaskazini, kwenye Tropiki ya Kansa, tarehe 20 au 21 Juni, na kikomo cha kusini, kwenye Tropiki ya Kaprikoni, tarehe 21 au 22 Desemba. Vikomo hivyo viwili ndivyo wanajiografia wanavyoviita solistisi.

Tanzania yote iko kusini ya ikweta, kwa hiyo siku yake fupi ni ya Juni, si ya Desemba. Kenya hukatwa na ikweta, na hapo jambo hunoga zaidi: mtoto wa Nairobi ana siku fupi mwezi Juni, ilhali mwenzake wa Lodwar au Marsabit anayo mwezi Desemba, nao wote wanasoma kitabu kimoja.

Tofauti yenyewe katika Afrika Mashariki ni ndogo, na hiyo ndiyo sababu watu wengi huishi miaka yao yote bila kuitambua. Dar es Salaam mchana wa Juni huwa na takriban saa 11 na dakika 44, na wa Desemba saa 12 na dakika 31. Nairobi, iliyo jirani zaidi na ikweta, hupata tofauti ya dakika tisa tu. London mchana wa Desemba hupungua hadi saa 7 na dakika 50, na wa Juni hufikia saa 16 na zaidi ya nusu.

Saa za Kiswahili zenyewe ni ushahidi mzuri wa kumpa mtoto. Saa moja asubuhi huitwa hivyo kwa kuwa ni saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza, na saa moja usiku ni ya kwanza baada ya kuzama. Hesabu hiyo iliwezekana kwa watu ambao mchana na usiku wao hukaribia kulingana mwaka mzima. Isingeweza kuzaliwa London, ambako katika siku fupi jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Familia za Kiislamu zenye ndugu Uingereza zina mfano mwingine. Ramadhani ya mwaka 2016 iliangukia Juni: aliyefunga Dar es Salaam alifunga kwa takriban saa 13, na ndugu yake aliye London zaidi ya saa 18.

Kosa linalorudiwa sana, hata na watu wazima waliosoma, ni kudai kwamba joto huja dunia inapolisogelea jua. Umbali hubadilika kweli, lakini kwa namna inayoiangusha hoja hiyo. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Kama umbali ndio ungeleta majira, Januari isingekuwa katikati ya baridi ya London.

Kikwazo cha pili ni cha lugha. Tafsiri nyingi huyaita majira ya joto ya Ulaya "kiangazi", na majira ya baridi "kipupwe". Kwa wakulima wa Tanzania kiangazi ni kipindi cha ukame, na ndani yake mna Juni na Julai, miezi ya baridi kuliko yote, ambapo sakitu huonekana asubuhi katika nyanda za juu za Njombe na Makete. Vivyo hivyo "vuli", ambayo ni mvua za Oktoba hadi Desemba, hutumiwa kwa majira ambayo majani ya Ulaya hupukutika. Mtoto anayesoma maneno hayo kwa maana mbili bila kuambiwa hawezi kulaumiwa akichanganyikiwa. Ni afadhali kutumia "majira ya baridi", "machipuko", "majira ya joto" na "mapukutiko" kwa nchi za mbali, na kuyaacha masika, vuli, kipupwe na kiangazi yabaki na maana zake za nyumbani.

Maelezo peke yake hayamtoshi mtoto wa miaka mitano au sita. Anahitaji kitu cha kushika. Chungwa lililochomwa kijiti katikati latosha kuwa dunia, na taa ya mezani katika chumba chenye giza ikawa jua. Kijiti huinamishwa kidogo, kisha mtoto huizunguka taa kwa hatua ndogo. Sharti ni moja: kijiti kielekee ukuta uleule muda wote, tuseme ule wenye dirisha. Wengi huharibu zoezi hili kwa kukielekeza kijiti kwenye taa kila wanaposogea, na hapo majira hutoweka kabisa. Likifanywa sawasawa, mtoto ataona mwenyewe nuru ikikihama kichwa cha chungwa na kuelekea chini yake.

Zoezi la kivuli ni bora zaidi, ingawa ladai subira ya miezi. Fimbo iliyonyooka ya urefu wa mita moja husimikwa wima, uani au katika ndoo ya mchanga juu ya baraza ya ghorofa. Kati ya saa sita na saa saba mchana, ncha ya kivuli huwekewa alama ya chaki kila baada ya dakika tano, na alama iliyo karibu zaidi na fimbo ndiyo ya siku hiyo. Dar es Salaam kivuli hicho huwa na sentimita 58 hivi katika siku fupi ya Juni, kikielekea kusini. Katika Desemba huwa kama sentimita 30, nacho huelekea kaskazini. Katikati ya safari hiyo, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua huwa la utosi na fimbo hukosa kivuli. Watoto huisubiri siku hiyo kama sikukuu. Waambiwe mapema, na kwa ukali unaostahili, kwamba kinachotazamwa ni kivuli. Jua lenyewe halikodolewi macho.

Anayetaka kutumia saa ya ukutani badala ya fimbo atapotea. Nairobi jua huchomoza yapata saa 12 na dakika 11 asubuhi mwanzoni mwa Novemba, na saa 12 na dakika 42 katikati ya Februari, ilhali urefu wa mchana ni karibu uleule. Kinachohama ni adhuhuri yenyewe, kwa sababu ya mwinamo na kwa kuwa mwendo wa dunia kulizunguka jua si wa kasi moja mwaka mzima.

Kwa wakazi wa pwani, safari ya jua ilisomwa zamani katika upepo. Jua likiwa kusini, bara la Asia hupoa na hewa yake nzito hutiririka kuja huku, ndiyo kaskazi. Likirudi kaskazini, Asia hupata joto na kuivuta hewa kutoka kusini, ndiyo kusi. Majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi yalikuja kwa upepo wa kwanza na kurejea kwa wa pili, na kutokana na pepo hizo zikapatikana kaskazini na kusini. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355 na hauwezi kufuata majira, hivyo mabaharia na wakulima walitumia pia mwaka wa jua wa Nairuzi, wenye siku 365. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, unaofanyika kila Julai, ni masalia ya hesabu hiyo.

Mvua nayo hulifuata jua, lakini kwa kuchelewa wiki kadhaa. Jua huvuka ikweta Machi na masika hupamba moto Aprili. Huvuka tena Septemba na vuli huja kukolea Novemba. Dodoma, Mbeya na Songea hupata msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili.

Hapa mzazi asiahidi kupita kiasi. Kivuli cha fimbo kitarudi mahali pake kila Juni bila kukosa. Vuli ya mwaka 1997 na ile ya 2023 zilifurika kwa sababu ya El Niño, na ile ya 2019 kwa joto lisilo la kawaida la maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi. Vuli za 2020, 2021 na 2022 zilipungua mno kaskazini na mashariki mwa Kenya, mifugo ikafa kwa wingi. Katika miaka yote hiyo jua lilipita njia yake ileile. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuielewa tofauti hiyo akionyeshwa kalenda mbili ukutani, moja ya alama za kivuli na nyingine ya siku zilizonyesha mvua, akizijaza kwa mkono wake.