Marafiki wa Chapa Moja

Katika usharika wa kwanza niliotumwa baada ya kubarikiwa kuwa mchungaji, kulikuwa na kijana aliyeimba sauti ya tatu katika kwaya ya vijana. Alipofungua kinywa, hata waliokuwa wameanza kusinzia waliinua vichwa. Siku moja alikwenda studio mjini akarekodi wimbo wa mapenzi, na baada ya muda mfupi wimbo ukaanza kupigwa redioni. Wazee wa kanisa walikaa wakaamua atolewe kwaya. Barua niliiandika mimi, nikaisaini, nikamtuma mtu mwingine aipeleke, kwa sababu sikutaka kumtazama kijana yule usoni.

Habari ninazotaka kusimulia ni za mbali, za Wamarekani weusi waliokwisha kulala. Lakini nimezisoma kwa miaka mingi nikiwa na barua ile moyoni, na msomaji ajue hivyo tangu mwanzo.

Huko Los Angeles, mwaka 1946, mtu aliyeitwa Art Rupe alianzisha kampuni ya kurekodi iitwayo Specialty. Rupe alikuwa Myahudi kutoka Pennsylvania. Hakuwa mtu wa kanisa, ila alipenda sana uimbaji wa makanisa ya watu weusi, na alikuwa mfanyabiashara makini. Kabla ya kuanza alinunua santuri za dola 200 akazisikiliza moja moja, saa ikiwa mkononi, ili ajue ni nini kinachowafanya watu wanunue. Miongoni mwa watu wa injili waliorekodiwa kwa chapa yake walikuwamo Brother Joe May, Alex Bradford, Dorothy Love Coates na kundi lake la Gospel Harmonettes, na makundi mawili ya wanaume ambayo ndiyo hasa habari yangu: Pilgrim Travelers na Soul Stirrers.

Pilgrim Travelers walitoka Houston, Texas, wakahamia California. Katika santuri zao za mwanzo waliimba bila kinanda wala gitaa. Ngoma yao ilikuwa miguu: maikrofoni iliwekwa karibu na sakafu ili viatu visikike vikipiga, na hilo likawa alama yao sokoni. Aliyesimamia kundi, yaani safari, fedha na mikataba, alikuwa mmoja wa waimbaji wenyewe, J. W. Alexander. Rupe alimwamini. Na Alexander alifanya jambo ambalo mwenyekiti wa kwaya yoyote hapa kwetu atalishangaa: alitumia imani hiyo kuwaingiza Soul Stirrers katika kampuni ileile, ingawa walikuwa washindani wake. Anayejua jinsi kwaya zetu zinavyotazamana siku ya mashindano ataelewa uzito wake.

Soul Stirrers walikuwa wakongwe. Roy Crain aliwaanzisha katika mji mdogo wa Trinity, Texas, mwaka 1926, na baadaye wakaweka makao Chicago. Sauti yao kuu ilikuwa ya R. H. Harris, ambaye wengi walimhesabu kuwa mwimbaji bora wa aina ile. Mwaka 1950 Harris aliacha kundi, akiwa amechoshwa na maisha ya njiani na mienendo aliyoiona huko. Nafasi yake akapewa Sam Cook, kijana asiyetimiza miaka ishirini, mtoto wa mchungaji, kutoka kundi la vijana la Chicago lililoitwa Highway QC's. Kundi hilo lilifundishwa na R. B. Robinson, aliyekuwa mwimbaji wa Soul Stirrers. Hivyo kijana alikuwa amekwisha kunyweshwa mtindo wao kabla hajavaa suti yao.

Machi 1951 walikwenda studio. Rupe alimtarajia Harris, akaletewa kijana asiyemjua. Tena kijana huyo alitaka kuimba “Jesus Gave Me Water”, wimbo wa Lucie Campbell juu ya mwanamke Msamaria kisimani, ambao Pilgrim Travelers walikuwa wamekwisha kuurekodi kwa kampuni hiyohiyo. Kwa hesabu ya biashara Alexander alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Wimbo ulikuwa wao. Lakini alimtetea kijana kwa Rupe. Wakaurekodi, na ukauzwa vizuri sana, kiasi kwamba wengi leo wanapoutaja wanamkumbuka Sam, si Travelers.

Nikifundisha Matendo ya Mitume sura ya 9 humfikiria Alexander. Sauli alifika Yerusalemu na kila mtu akamwogopa. Barnaba akamchukua, akampeleka kwa mitume, akaeleza habari zake. Huwa tunampita Barnaba haraka ili tumfikie Paulo.

Makundi haya yalisafiri pamoja, mara nyingi katika programu moja. Katika majimbo ya kusini sheria za ubaguzi ziliwazuia kulala katika hoteli za wazungu au kukaa mezani katika mikahawa yao, kwa hiyo walilala kwa waumini, walikula ndani ya gari, wakagawana habari za barabara. Tarehe 22 Julai 1955 walikutana katika ukumbi wa Shrine, Los Angeles, na kampuni ikarekodi: Soul Stirrers, Pilgrim Travelers, Brother Joe May, Dorothy Love Coates na wenzake, na wengine. Nilipousikia usiku ule kwa mara ya kwanza nilishangaa jinsi ukumbi unavyoitikia. Kila kundi linataka kumshinda lililotangulia, na kila kundi linasimama juu ya moto uliowashwa na mwenzake.

Kisha likaja jambo lenyewe. Mwishoni mwa 1956 Sam alirekodi “Lovable”, wimbo wa mapenzi uliotengenezwa kutoka wimbo wa injili wa Soul Stirrers, “Wonderful”, kwa kubadili maneno. Santuri ilitoka kwa jina la Dale Cook, lakini sauti ile haikufichika. Msomaji Mlutheri asikasirike upesi. Wimbo wa Krismasi wa Luther, “Vom Himmel hoch”, ulianza kuimbwa kwa sauti ya wimbo wa watu usiokuwa wa kanisa, ndipo mwaka 1539 ukapewa sauti tunayoijua sasa. (Ile hadithi kwamba Luther aliokota nyimbo vilabuni imetiwa chumvi mno, lakini mpaka kati ya barabara na kanisa hakuujenga mrefu kama sisi.) Tofauti ni kwamba Sam alivuka kwenda upande wa pili.

Mwaka 1957 aliachana na Soul Stirrers. Rupe, ambaye hakupenda mwelekeo wa nyimbo mpya, alimwachia aende pamoja na mtayarishaji wake, Bumps Blackwell. “You Send Me” ikatoka kwa kampuni nyingine ndogo, Keen, ikafika nambari moja Marekani nzima. Jina lake sasa likaandikwa Cooke. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo Little Richard, nyota mkubwa wa dansi katika Specialty, naye akiwa kazi ya Blackwell, alitangaza kuacha muziki wa dunia, akaenda kusoma Biblia katika chuo cha Waadventista. Huyu anatoka kanisani, yule anaingia.

Alexander hakumwandikia Sam barua. Alikuwa miongoni mwa waliomtia moyo kujaribu, akaanzisha kampuni ya kulinda haki za nyimbo na kumfanya Sam mshirika wake, katika miaka ambayo waimbaji weusi wengi waliuza nyimbo zao kwa bei ya nauli. Pilgrim Travelers wakamfuata ziarani. Mmoja wao alikuwa Lou Rawls, rafiki wa Sam tangu utoto Chicago, aliyepita Highway QC's baada yake. Novemba 1958 gari lao lilipata ajali Arkansas. Dereva akafa, Rawls akalala siku kadhaa bila fahamu, Sam akatoka na majeraha madogo.

Mwaka uliofuata ikaanzishwa SAR, kampuni ya kurekodi ambayo jina lake ni herufi za marafiki watatu: Sam, Alex, Roy. Rupe alikuwa anajiondoa katika kazi ya kurekodi, na miongoni mwa wa kwanza kurekodiwa na SAR walikuwa Soul Stirrers. Aliyeongoza sasa alikuwa Johnnie Taylor, naye mtoto wa Highway QC's. Yaani aliyehesabiwa kuwa amepotea ndiye aliyelipia studio ili nyimbo za injili zisikike. Na mwaka 1962, Sam aliporekodi “Bring It On Home to Me”, Rawls alisimama kando yake akimwitikia. Maneno ni ya mapenzi. Namna ya kuitikia ni ya kanisani, huyu akiita, yule akimpokea, kama walivyofundishwa wakiwa vijana.

Sitaki kumpamba Sam. Maisha yake yalikuwa na mengi ya kusikitisha, na tarehe 11 Desemba 1964 alipigwa risasi katika moteli ya Los Angeles, akiwa na miaka 33. Wapo walioona hukumu. Mimi huwarudisha Luka 13, kwa wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Mazishi yalifanyika Chicago na tena Los Angeles, katika kanisa la Baptisti la Mount Sinai, na huko Rawls aliimba. Sam alirudi kanisani akiwa ndani ya jeneza, na rafiki wa ujana wake ndiye aliyempokea kwa wimbo.

Mwaka juzi nilimtafuta yule kijana wangu, ambaye si kijana tena. Anapiga muziki kwenye maharusi. Niliomba msamaha kwa barua ile, na zaidi kwa kuituma kwa mkono wa mtu mwingine. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, “Mchungaji, sauti ya tatu siku hizi anaongoza nani?” Nikamtajia. Akasema anamfahamu, ni mzuri, ila hupanda juu ya noti akiwa na hofu. Jumamosi kabla ya Pasaka alikuja kwenye mazoezi bila kualikwa, akakaa kiti cha nyuma karibu na wale wa sauti ya tatu, na saa nzima akawa anawashikia noti.