Kompyuta Pepe: Jina ni Pepe, RAM ni ya Kweli

Kompyuta pepe ni kompyuta inayoundwa na programu ndani ya kompyuta nyingine. Ina prosesa, RAM, diski na kadi ya mtandao, vyote vikitolewa na programu hiyo, na mfumo endeshi unaosakinishwa humo hujiona uko kwenye kompyuta yake peke yake. Wazo lenyewe ni la zamani: IBM ililifanyia kazi miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatangaza VM/370.

Neno pepe tulilizoea kwenye barua pepe, likimaanisha kielektroniki. Kwenye uhalisia pepe likasogea kidogo: kitu kisichoshikika kinachofanya kazi ya kile halisi. Maana hii ya pili ndiyo tunayoitaka. Wapo wanaosema mashine pepe; mimi sipendi, maana mashine kwa wengi wetu ni ile ya kusaga unga.

Tatizo la pepe ni kwamba linadanganya kuhusu uzito: RAM ya kompyuta pepe hukatwa kwenye RAM halisi ya kompyuta inayoibeba. Kompyuta ya mezani yenye RAM ya GB 4, tena Windows imeshajichukulia sehemu yake, ukiibebesha kompyuta pepe ya Ubuntu, Linux yenye madirisha na mapambo yote, zote mbili zitakwama. Hapo ndipo Linux nyepesi inapohitajika. Chukua Alpine: faili lake la kusakinisha lililoandaliwa kwa kompyuta pepe halifiki MB 100. Fungua VirtualBox, programu ya kuunda kompyuta pepe, unda moja, itengee RAM ya MB 512, prosesa moja na diski ya GB 2, ipachike faili hilo, kisha iwashe. Kitatokea kioo cheusi chenye maandishi tu. Andika root, ingia bila nywila, halafu setup-alpine, ujibu maswali yake. Ukimaliza kusakinisha, amri ya free -m itakuonyesha RAM nyingi bado imelala bure.

Istilahi zilizokaa vizuri kuliko zote hapa ni mwenyeji na mgeni: Windows ni mwenyeji, Alpine mgeni. Mgeni hutumia alichotengewa, na akivuruga mafaili yake, ya mwenyeji hayaguswi.

VirtualBox ikigoma kumwasha mgeni, angalia BIOS kama VT-x ya Intel au AMD-V imezimwa. VirtualBox tangu toleo la 6.1 haifanyi kazi bila msaada huo wa prosesa. Amri ya kumzima mgeni ni poweroff. Mwenyeji hurudishiwa RAM yake, na diski ya mgeni hubaki faili tu, la kunakili kwenye flashi na kuhamishia kompyuta nyingine.