Sponsa wa makaratasi

Ukitaja "sponsa" hapa Makadara, watu wanafikiria mzee mwenye gari kubwa. Lakini kuna sponsa mwingine: bibi au bwana Mkenya anayefanya mwenzake mgeni akubaliwe kuishi hapa. Na kwa miaka karibu 47, sheria ilimtambua mmoja tu kati yao.

Katiba ya 1963 ilisema Mkenya akioa mgeni, bibi ana haki ya kuandikishwa raia. Sasa dem wa Jericho akiolewa na fundi Mganda? Bwana alipanga laini kama mgeni mwingine yeyote. Mtoto wao akizaliwa Kampala, uraia wa mama haukumfikia. Yaani nchi iliwaambia mama zetu kwamba wao ni raia nusu.

Tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ikamaliza hiyo stori. Ndoa ikifika miaka 7, mke au mume anaweza kuomba uraia. Sheria ya 2011 ikaongeza ukaazi wa kudumu kwa ndoa ya miaka 3.

Kwa hivyo wasee, mtu akikushow katiba ni ya wanasiasa tu, muulize: na uraia wa mamako ulikuwa wa nani?