Kisanduku Kinachofunguka: Historia ya Matengenezo ya Kompyuta ya Nyumbani

Mwenye kompyuta ya mezani iliyogoma kuwaka hushauriwa mambo yale yale karibu kila mahali: achomoe waya wa umeme, aguse chuma cha kasha ili aondokewe na umeme tuli, atoe vipande vya memori na kusugua miguso yake taratibu kwa raba ya penseli, avirudishe mpaka vibane sawasawa, abadilishe betri ndogo ya mviringo, kisha awashe na kuhesabu milio. Ushauri huo hutolewa kana kwamba umetokana na maumbile ya mashine yenyewe, ilhali kila sehemu yake ina mwaka wake na sababu yake. Uwezo wa mtu asiye mhandisi kufungua kompyuta yake, kuitengeneza na kuiongezea nguvu ulitokana na maamuzi machache yaliyofanywa hasa kati ya 1975 na 1995, mengine kwa makusudi na mengine kwa haraka tu ya biashara, na kilicholetwa na maamuzi ya watu kinaweza pia kuondolewa na maamuzi ya watu.

Katika hatua ya kwanza hapakuwapo mpaka kati ya mnunuzi na fundi, kwa kuwa mashine iliuzwa ikiwa vipande. Toleo la Januari 1975 la jarida la Marekani la Popular Electronics lilitangaza kompyuta ya Altair 8800, iliyobuniwa na Ed Roberts na kampuni yake ya MITS mjini Albuquerque, ambayo kwa bei isiyofika dola 450 mnunuzi alitumiwa kasha, vipande vya kielektroniki na maelekezo, akaviunganisha mwenyewe kimoja kimoja kwa chuma cha moto na lihamu. Memori yake ilikuwa baiti 256 tu, baiti moja ikiwa ni nafasi inayotosha kuhifadhi herufi moja, na hivyo mashine haikuweza kufanya kazi ya maana mpaka iongezewe kadi, yaani mabamba ya saketi yanayochomekwa katika soketi ndefu zenye miguso 100. Haja hiyo ya kuongeza ndiyo iliyowakutanisha watu. Tarehe 5 Machi 1975, katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, ulifanyika mkutano wa kwanza wa Homebrew Computer Club, chama ambacho wanachama wake walipeana michoro ya saketi, vipuri na habari za makosa waliyoyagundua, na ambamo Steve Wozniak alionyesha mashine iliyokuja kuwa Apple ya kwanza. Desturi ya mjuzi kumwonyesha asiyejua, bila malipo wala siri, iliitangulia biashara kubwa ya kompyuta za nyumbani.

Wozniak aliiingiza desturi hiyo ndani ya Apple II ya mwaka 1977, ambayo kifuniko chake kilinyanyuliwa kwa mikono bila bisibisi, na ndani yake mlikuwa na nafasi nane za kadi. Mashine za kizazi hicho ndizo pia zilizozaa ushauri wa kukandamiza chipu. Chipu ziliwekwa katika soketi zilizoishika miguu yake kwa kuibana tu. Mashine ilipopata joto chuma kilitanuka, ilipozimwa kikasinyaa, na baada ya miezi ya kutanuka na kusinyaa chipu ilijisogeza juu kidogo kidogo hadi mguu mmojawapo ukaacha kugusa. Apple III, iliyotolewa 1980 bila feni ndani yake, ilisumbuliwa na tatizo hilo kiasi kwamba wenye nayo walishauriwa kuinyanyua inchi chache kutoka mezani na kuiachia, ili kishindo kizirudishe chipu mahali pake. Ushauri huo umesimuliwa mara nyingi kwa kicheko, lakini ulijengwa juu ya uelewa sahihi wa chanzo cha hitilafu, na anayetoa vipande vya memori leo na kuvichomeka upya anashughulikia tatizo la jamii hiyo hiyo kwa njia ya upole zaidi.

Mashine iliyoamua sura ya ufundi wa nyumbani, hata hivyo, ni IBM PC, iliyotangazwa tarehe 12 Agosti 1981 kwa bei iliyoanzia dola 1,565. IBM ilikuwa imezoea kukodisha mitambo mikubwa na kutuma mafundi wake yenyewe kuihudumia. Lakini kikundi chake cha Boca Raton, Florida, kilichoongozwa na Don Estridge, kilipewa takriban mwaka mmoja tu, na kwa ufupi wa muda huo kikalazimika kununua vitu vilivyokwisha kuwapo sokoni, kama vile kichakataji cha Intel 8088, yaani chipu inayotekeleza maagizo ya programu, na mfumo endeshi wa Microsoft. Juu ya ubao mama, ambao ni bamba kuu linalobeba kichakataji na memori, ziliwekwa nafasi tano za kadi. Kisha IBM ikafanya jambo ambalo pengine ndilo kubwa kuliko yote katika historia hii: ikachapisha na kuuza kitabu kilichoitwa Technical Reference, chenye michoro ya saketi, maelezo ya kila mguso wa nafasi za kadi, na maandishi yote ya BIOS, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya chipu na ambayo huiamsha mashine na kuikagua kabla ya programu nyingine yoyote. Mwenye kitabu hicho aliijua mashine yake karibu sawa na aliyeiunda. Wako wanaokieleza kama kosa la IBM, kwa kuwa kiliwafungulia washindani mlango. Ukitazamwa kwa upande wa mwenye mashine, uamuzi ule ulikuwa wa haki, na juu ya msingi wake vilisimama vitabu vya ufundi vilivyofuata, kikiwamo Upgrading and Repairing PCs cha Scott Mueller, kilichotoka mara ya kwanza 1988 na kufikia matoleo zaidi ya 20.

Hesabu ya milio inatokana na ukaguzi huo wa BIOS. Kabla ya skrini kuwa tayari kuonyesha chochote, mashine haikuwa na njia ya kusema isipokuwa spika yake ndogo: mlio mmoja mfupi uliashiria kuwa yote ni salama, mmoja mrefu na mmoja mfupi hitilafu ya ubao mama, na mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi hitilafu katika kadi ya kuonyesha picha. Kampuni zilizoandika BIOS zao baadaye zilijitungia mipangilio tofauti, na ndiyo maana fundi makini hutafuta kwanza jina la mtunzi wa BIOS kabla ya kuanza kuhesabu.

Kuiongezea IBM PC memori kulikuwa somo zima. Ubao wa awali ulichukua kilobaiti 16 hadi 64, zilizopangwa katika safu nne za chipu tisa tisa: nane kwa ajili ya biti nane za kila baiti, na ya tisa ya kuhakiki kwamba hakuna biti iliyogeuka. Mwenye kompyuta alinunua chipu tisa, akagusa chuma cha kasha kwanza, kwa sababu chipu za aina hiyo zina tabaka jembamba mno la kuhami ambalo umeme tuli wa mwili, hata ule usiosikika kidoleni, huweza kulitoboa. Akainyosha miguu ya kila chipu kwa kuibonyeza mezani, akahakikisha alama ya kichwani inaelekea upande wake, kisha akaikandamiza kwa kidole gumba. Mguu mmoja uliojikunja chini ya tumbo la chipu ulitosha kuifanya mashine ikatae, na kwa juu haukuonekana. Kazi ilikuwa bado haijakwisha, maana mashine haikuweza kutambua yenyewe kilichoongezwa. Ilibidi kusogeza swichi ndogo zilizopangwa nane nane katika vibao viwili juu ya ubao mama, na swichi moja ikikosewa, chipu zote tisa zilionekana kuwa mbovu. Ilibidi pia kuangalia ugavi wa umeme, ambao katika mashine hiyo ulikuwa wa wati 63.5 tu, ilhali PC XT ya mwaka 1983, iliyokuja na diski kuu ya megabaiti 10, ilihitaji wati 130, na kanuni ya kujumlisha wati kabla ya kununua kadi yenye nguvu haijabadilika tangu hapo.

Michoro ikiwa wazi na vipande vikiuzwa madukani, mali iliyobaki ya IBM peke yake ilikuwa maandishi ya BIOS, yaliyolindwa na hakimiliki. Compaq, iliyotangaza kompyuta yake Novemba 1982, ililivuka zuio hilo kwa kuwagawa wahandisi wake: kundi moja lilichunguza BIOS na kueleza inafanya nini, na jingine, ambalo halikuwa limeyaona maandishi yale, likaandika programu mpya ya kufanya hayo hayo. Phoenix Technologies ilifuata njia hiyo, na 1984 ikaanza kuuza BIOS yake kwa mtengenezaji yeyote. Tangu hapo ubao wa kampuni moja uliweza kukaa katika kasha la nyingine na kuendesha diski ya tatu. Matokeo yake yalifika mbali. Mwaka 1974 Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni bila kibali, masharti ambayo yalilegezwa katika miongo iliyofuata. Kompyuta za mezani zilipoanza kuingia kwa wingi kupitia Dar es Salaam na Mombasa, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, zilikuwa za kundi hili la vipande vinavyokubaliana. Fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi aliyeletewa mashine tatu mbovu aliweza kutoa moja nzima, akichukua ubao huku, memori kule na diski kwingine, pasipo kuomba ruhusa wala kipuri kwa mtengenezaji.

Zile swichi zilianza kuondoka Agosti 1984, IBM ilipotoa PC AT, ambayo ndani yake mlikuwa na chipu ya saa yenye memori ya baiti 64, inayokula umeme kidogo kiasi cha kuhifadhiwa na betri. Humo ndimo mashine ilimoandika tarehe, aina ya diski na kiasi cha memori, kwanza kwa programu maalumu kutoka kwenye diski laini, na baadaye kwa menyu iliyowekwa ndani ya BIOS yenyewe, ambayo mpaka leo hufunguliwa kwa kubonyeza Delete, F2 au kitufe kingine wakati wa kuwaka. Kutokana na hilo kompyuta inayorudi kwenye tarehe ya zamani kila ikichomolewa inadai betri mpya, na ile iliyokwama kwa sababu ya mipangilio iliyokosewa hutolewa betri kwa dakika chache ili isahau. Bao nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa ile ya 1990 zilichomelewa betri za nikeli na kadimiamu, ambazo zilivuja na kula njia za shaba. Ubao wa wakati huo ukipatikana, betri yake ing'olewe kabla ya kitu kingine. Betri bapa ya CR2032, yenye volti 3, upana wa milimita 20 na unene wa 3.2, ni maendeleo ya kweli, kwa kuwa hutoka kwa ncha ya kucha.

Migongano ya kadi ilichukua muda mrefu zaidi kumalizika. Kila kadi huhitaji njia ya kukikatiza kichakataji kazi ili ihudumiwe; AT ilikuwa na njia 16, nyingi zikiwa zimeshikwa tayari, na kadi ya sauti ya Sound Blaster, iliyotolewa 1989 na kampuni ya Creative ya Singapore, awali iliwekwa kiwandani katika njia ya 7, ambayo ndiyo ya printa. Mwenye kompyuta alihamisha jampa, yaani kipande kidogo cha plastiki chenye chuma ndani kinachounganisha vijiti viwili, akaandika karatasini kadi ipi iko njia ipi. IBM ilileta ufumbuzi katika mashine zake za PS/2 za Aprili 1987, lakini kwa nafasi mpya za kadi zisizopokea kadi za zamani na ambazo washindani walitakiwa kuzilipia leseni. Mwaka 1988 kampuni tisa zikiongozwa na Compaq zilijibu kwa kutangaza mfumo wao. Ufumbuzi ulioenea ulikuja kwa nafasi za PCI za Intel za mwaka 1992 na kwa Windows 95, ambazo kwa pamoja ziliiwezesha mashine kuzigawia kadi njia yenyewe.

Mwaka 1995 Intel ilitoa vipimo vya ATX vya ubao, kasha na ugavi wa umeme. Kabla yake umeme uliingia katika ubao kwa viunganishi viwili vinavyofanana, P8 na P9, na kinga pekee ya kutovibadilisha mahali ilikuwa kanuni ya mafundi kwamba nyaya nyeusi zikutane katikati. Aliyeisahau aliweza kuua ubao kwa kuwasha mara moja. Kiunganishi kimoja cha ATX chenye miguso 20 hakiingii kinyume. Rangi za matundu ya nyuma, zambarau kwa kibodi, kijani kwa kipanya na waridi kwa maikrofoni, zilienezwa na mwongozo wa PC 99 wa Microsoft na Intel. Kutokana na kurahisika huko walitokea waliotaka kuivusha mashine kasi yake ya kiwandani: chipu ya kichakataji Celeron 300A ya mwaka 1998, iliyozidisha kasi ya ubao mara 4.5, mara nyingi ilipanda kutoka megahezi 300 hadi 450 kwa kuubadilisha ubao kutoka 66 hadi 100, mradi ipate feni nzuri. Kipindi hicho hicho, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kilileta kapasita mbovu, ambazo hutambulika kwa vichwa vilivyovimba, na ambazo mafundi wengi walijifunza kuzibadilisha kwa kuzingatia upande wa chanya na hasi. Kapasita za ndani ya ugavi wa umeme ni jambo jingine: hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa, na asiye fundi hapaswi kulifungua kasha lake.

Mwelekeo wa kukifunga kisanduku ulikuwapo sambamba na haya yote. Macintosh ya Januari 1984 ilifungwa kwa skurubu zilizodai bisibisi ndefu ya aina ya Torx, haikuwa na nafasi za kadi, na memori yake ya kilobaiti 128 ilichomelewa. Hata hivyo wapo walioyeyusha lihamu ya chipu zake 16 na kuweka kubwa zaidi. Mwaka 2012 MacBook Pro yenye skrini ya Retina ilichomelewa memori na kugundishwa betri kwa gundi, na kompyuta za mkononi za makampuni mengine zimefuata njia hiyo. Aprili 2018 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliziandikia kampuni sita barua za onyo kuhusu masharti ya dhamana, yakiwamo yale ya vibandiko vinavyodai kwamba anayevichana hupoteza dhamana, kwa msingi wa sheria ya 1975 inayokataza kumlazimisha mnunuzi kutumia vipuri au mafundi wa kampuni moja. Kompyuta ya mezani ndiyo iliyobaki wazi zaidi: matundu ya skurubu ya ATX hayajahama, na kasha la miaka ya 1990 kwa kawaida hupokea ubao wa leo, ila ugavi wake wa umeme sharti ubadilishwe, kwa kuwa kiunganishi kikuu sasa kina miguso 24 na kichakataji kinadai waya wake peke yake.